Toleo jipya limegoma? Usitupe flashi

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, mapindi yamebana na kuna watu wameanza kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha bwana. Nilikuwa nakusanya hasira.

Kwenye grupu letu la kozi kila siku ni yaleyale. Mtu anapakua toleo jipya la ule mfumo endeshi wa kwenye flashi, anachomeka, mashine inagoma, anaandika kwa herufi kubwa kwamba Linux ni takataka, halafu anarudi kupanga foleni steshenari. Kesho yake mwingine. Keshokutwa mwingine tena. Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hata mkinizomea kantini: mara nyingi tatizo si Linux, wala si wewe kutokujua kompyuta. Tatizo ni ile imani kwamba kipya ndicho bora kwa kila mashine. Toleo jipya linatengenezwa na watu walio na mashine fulani kichwani, na mashine nyingi tutakazozikuta kwenye shule tutakazopangiwa si hizo.

Kwa mwaka wa kwanza mnaosikia tu habari hizi bila kuelewa, kwa kifupi. Kawaida Windows inakaa ndani ya kompyuta, kwenye diski. Huu mfumo wa mfukoni unakaa kwenye flashi. Unachomeka, unawasha mashine, unaiambia isome flashi badala ya diski, unapata skrini yako, mafaili yako, programu zako. Ukimaliza unazima, unachomoa, unaondoka, na kompyuta ya watu inabaki kama ulivyoikuta. Si kitu kipya hata kidogo. Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000 na watu wakawa wanaiwasha kwa CD. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanzisha Puppy Linux, ambayo ndiyo wengi wetu tunatumia hapa kwa sababu ni ndogo na inajipakia yote kwenye RAM, hivyo hata mashine ya kizamani inakimbia. Hata Microsoft walikuwa na ya kwao kwa ajili ya makampuni, Windows To Go, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Mwaka 2020 wakaiondoa.

Sasa kwa nini mwalimu mtarajiwa ahangaike na hivi vitu? Kwanza virusi. Nani humu hajawahi kupeleka flashi steshenari kuprinti asaimenti, akarudi akakuta mafolda yote yamegeuka shotikati? Pili, tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa, na Windows 11 inadai vitu kama TPM 2.0 ambavyo kompyuta nyingi za shule hazina na hazitakuwa navyo. Kwa hiyo kuna mashine chungu nzima zinafanya kazi vizuri, feni inazunguka, kibodi ipo, lakini kwa hesabu za Marekani zimeshazikwa. Huku kwetu ndo kwanza zinafika shuleni kama msaada, zimefungwa utepe, mgeni rasmi anapiga picha nazo.

Niwape mfano wa nyumbani. Kwetu ni Kikole, Kilwa. Ukishuka Nangurukuru usifikiri umefika. Likizo iliyopita mwalimu mmoja aliyenifundisha zamani alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajauliza habari za chuo akasema, "Mwanangu, wewe si ndo unasoma huko mjini mambo ya kompyuta? Njoo utazame hizi mashine zetu, zimekuwa meza za kuwekea chaki." Nikamwambia mwalimu mimi nasoma ualimu, Hisabati na Jiografia. Akasema, "Njoo hivyohivyo." Shule siitaji na mwalimu simtaji, msiniulize.

Mashine zilikuwa sita. Kuna kijana, fundi, alishakuja kabla yangu na flashi ya toleo jipya kabisa, TrixiePup64, ile Puppy iliyojengwa juu ya Debian 13. Alijaribu zote sita, zote zikagoma, akachukua nauli yake akaondoka. Taarifa aliyoacha ilikuwa neno moja: mbovu. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Maana sita zote zilikuwa zimegoma, sawa, lakini hazikugoma zote kwa mtindo mmoja! Ni kama daktari apite wodini aandike kwa kila mgonjwa "anaumwa" kisha arudi kwake.

Kabla ya mashine tuanze na flashi yenyewe, maana hapo watu wanapita haraka. Ile flashi imeandikwa GB 64. Nilipoipima kwa programu inayoitwa f3, ambayo inaijaza flashi data halafu inaisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka, ikaonekana kwa kweli ina GB 8 na kidogo. Hizi flashi za kujiongezea ukubwa zimejaa sokoni, unazinunua kwa bei ya kutupa. Inakubali kila unachoweka, inakuonyesha majina ya mafaili, lakini ukivuka kile kimo chake cha kweli ndani ni hewa tupu. Ukiweka video utaona tu video inakwama. Ukiweka mfumo endeshi mashine inaganda katikati na wewe unailaumu mashine. Jambo la pili, faili la ISO lenyewe. Kila toleo linawekwa pamoja na namba ndefu ya uhakiki, na ukipiga `sha256sum` kwenye faili ulilopakua namba lazima ifanane herufi kwa herufi. Bando likikatika katikati na programu yako ikajifanya imemaliza, namba itakusuta. Dakika moja tu hiyo kazi. Lakini mtu atatumia saa nne kubadilisha mpangilio wa BIOS kabla ya kutumia hiyo dakika moja.

Nikabadilisha flashi, nikahakiki faili, tukaanza upya. Mashine moja ikawaka hapohapo. Moja! Yaani mashine nzima ilikuwa imehukumiwa kifo kwa sababu ya flashi feki.

Mbili zikatoa ujumbe mfupi kwenye skrini nyeusi: keneli hii inahitaji prosesa ya x86-64, lakini iliyopo ni i686. Zikabaki hapo. Wadau, huu si ugonjwa. Mashine imejieleza kuliko wengi wetu tunavyojieleza kwenye semina. Inasema mimi ni wa biti 32, wewe umeniletea kitu cha biti 64. Jina la toleo lenyewe lina 64 mwishoni, limeshakwambia. Zilikuwa Pentium 4 za zamani. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe kuhusu matoleo mapya. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na kuanzia toleo hilo Debian hawatoi tena keneli wala kisakinishi cha biti 32 kwa PC. Ubuntu waliliacha hilo gari miaka mingi nyuma. Kwa hiyo hata ungeipakua mara mia, hata ungenunua flashi ya laki, toleo jipya lisingewaka pale. Dawa ni kurudi nyuma toleo moja, kwenye Puppy ya biti 32 iliyojengwa juu ya Debian 12. Ipo, ni ya bure, inaitwa BookwormPup32. Moja ya zile Pentium ilikuwa na RAM ya MB 512, ikawa inapumua kwa shida. Tukachomoa RAM ya mashine ya sita, ambayo ilikuwa imekufa kweli (pawa saplai imeungua, ina harufu), tukamwongezea mwenzake. Ikawa na GB 1. Ikaamka.

Ukitaka kujua mashine yako ni biti ngapi na tayari una Linux yoyote inayowaka, fungua `/proc/cpuinfo`, tazama mstari wa flags, tafuta herufi mbili: `lm`. Zikiwepo ni 64. Zisipokuwepo usijisumbue na toleo jipya. Angalizo: kale kalaptopu kadogo ka 2008 wengi walikokuwa nako, kenye Atom N270, ni ka biti 32, hata kama kanaonekana ka kisasa kwa sababu ni kembamba.

Ya nne ikawa inaanza vizuri, maandishi yanateremka, halafu skrini inakuwa nyeusi tii. Ukitega sikio unasikia diski inafanya kazi. Mwalimu akasema imekufa. Nikamwambia haijakufa mwalimu, imefumba macho. Keneli mpya ilikuwa inajaribu kuzungumza na kadi ya picha kwa namna ambayo kadi ile ya zamani haielewi. Ukiwasha tena, kwenye menyu ya mwanzo ukaongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari, unaiambia iache utaalamu, itumie picha ya kawaida. Ikafumbua macho. Rangi si nzuri sana, video haichezi vizuri, lakini maandishi yanasomeka, na kwa kuchapa mtihani wa kidato cha pili unataka nini zaidi?

Ya tano ilinifurahisha kuliko zote. Inawaka, picha safi, modemu ya simu inakubali, lakini kila tovuti ya maana inakataa kufunguka, inasema cheti cha usalama si halali. Ukitazama saa pembeni chini, mwaka 2005. Kumbe betri ya ubaoni, kile kidude cha duara kama sarafu, CR2032, kimeisha, kwa hiyo kila mashine ikizimwa inasahau tarehe. Tovuti zinaonyesha vyeti vya mwaka huu, mashine inadhani iko 2005, inaona cheti kimetoka katika siku zijazo, inakataa. Betri yenyewe ni bei ya soda mbili tatu. Wakati nasubiri iletwe kutoka Masoko nilimfundisha mwalimu kurekebisha tarehe kwa mkono kila asubuhi, kama anavyozungusha saa ya ukutani.

Sasa hesabuni wenyewe. Sita zilizokuwa "mbovu", tano zinafanya kazi, na kati ya hizo tano hakuna hata moja iliyohitaji kununuliwa kitu zaidi ya betri. Mbili zilihitaji toleo la ZAMANI. Huyo kijana fundi namfahamu, si mjinga. Tatizo ni kwamba alibeba dawa moja.

Kwa hiyo nawaambia hivi mnaokwenda mazoezi ya kufundisha: bebeni matoleo mawili, la biti 64 jipya na la biti 32 la zamani. Zamani ilibidi uwe na flashi mbili, lakini tangu 2020 kuna kitu kinaitwa Ventoy, unakiweka kwenye flashi mara moja, baada ya hapo unanakili mafaili ya ISO kama unavyonakili nyimbo, na ukiwasha mashine inakuletea orodha uchague. Toleo la zamani usilifute hata likija jipya la aina gani. Wengi wanafuta ili kupata nafasi ya muvi, nawajua.

Nije kwenye kilio kingine cha hapa kampasi, maana si wote mna Pentium 4. Kuna jamaa yetu wa hosteli alipata toleo jipya, akataka aendelee na mafaili yake na mipangilio yake ya zamani. Puppy inahifadhi mambo yako kwenye faili moja la akiba. Akalichukua la toleo la zamani, akalibadilisha jina ili toleo jipya lilitambue. Ikawaka, lakini Wi-Fi haipo, programu nusu hazifunguki, na lugha ya kibodi imekuwa ya ajabu. Akaandika grupuni kwamba toleo jipya ni bovu.

Watu wa Jiografia mtanielewa upesi. Mnakumbuka zile ramani za kuwekewa karatasi ya nailoni juu, unachora mito kwenye nailoni bila kuchafua ramani? Puppy iko hivyohivyo. Mfumo wenyewe ni ramani, hauguswi. Faili lako la akiba ni nailoni. Kila ulichobadilisha kiko kwenye nailoni, na macho yanaona cha juu kwanza. Sasa ukichukua nailoni ya ramani ya Lindi ukaiweka juu ya ramani ya Tanga, mito itapita juu ya milima. Ndicho kilichompata. Maktaba za zamani zilizokuwa kwenye akiba zilikuwa zinafunika zile mpya za chini. Ukiwasha na kuandika `pfix=ram` kwenye mstari wa mwanzo, Puppy inapuuza akiba yote, inakupa ramani tupu. Kama tatizo likiondoka hapo, basi toleo halina kosa, kosa ni nailoni. Alipofanya hivyo Wi-Fi ikarudi sekunde ileile. Baada ya hapo nakili mafaili yako tu, yaani asaimenti na picha, si mipangilio, kisha anza akiba mpya. Na kama uliwahi kuchomoa flashi kabla haijamaliza kuzima, jaribu `pfix=fsck` ili ikague akiba yako ina majeraha gani.

Wenye laptopu mpya nao wana yao. Hizo zina mlinzi mlangoni anaitwa Secure Boot, hamruhusu kuingia mfumo usio na saini anayoitambua. Wengi tunamzima tu kwenye mipangilio na maisha yanaendelea. Ila jueni kwamba si kila kugoma ni kosa la Linux. Agosti 2024 sasisho la Windows lilibadilisha orodha ya mlinzi huyo, na asubuhi yake watu duniani kote wenye Windows na Linux kwenye mashine moja wakakuta Linux haiwaki, inatoa ujumbe kuhusu shim na SBAT. Walikuwa hawajagusa kitu. Na vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 ambavyo saini nyingi zinategemea vimewekewa mwisho wa Juni 2026, kwa hiyo ukikuta flashi yako ya zamani imekataliwa na laptopu mpya, kabla ya kutukana kumbuka pia habari ya mlinzi.

Najua kuna rafiki yangu atasoma hapa na atacheka, maana tumebishana hadi taa za chumba cha kujisomea zikazimwa. Yeye anasema, "Mtu mzima unafufua Pentium 4 karne hii? Hizo ni taka, zinakula umeme, watoto wanastahili vitu vipya." Sipingi kwamba wanastahili. Watoto wa Kikole wanastahili kila kitu anachostahili mtoto wa Masaki. Gesi ya Songosongo, ambayo ni ya wilaya yetu, imekuwa ikiwasha Dar tangu 2004, kwa hiyo kuhusu nani anastahili nini naweza kuongea hadi asubuhi. Lakini kustahili ni jambo moja na mwezi wa mitihani ni jambo lingine. Bajeti ya mashine mpya ikija, tutaipokea kwa ngoma. Haijaja. Na kidato cha nne cha mwaka huu hakitarudi darasani mwakani kusubiri.

Kuna sehemu moja namkubalia. Mashine za biti 32 zisipelekwe intaneti kama kazi yake kuu. Chrome waliacha Linux ya biti 32 tangu 2016, na Firefox nao walisimamisha, toleo lao la 144 la 2025 ndilo la mwisho la kawaida. Kivinjari kisichosasishwa ni mlango usio na komeo. Kwa hiyo usimfundishe mtoto kuingiza neno la siri la benki ya baba yake pale. Lakini nani kasema kompyuta ya shule lazima iwe na intaneti ndipo iwe na maana? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikawa inazungusha kile kiduara. Mwezi huohuo Kilwa tulipigwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ikakatika. Siku kama zile mwalimu mwenye vitu ndani ya flashi ndiye mwenye vitu.

Na vitu vipo, tena vizuri. Kiwix inaweka Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye faili moja unalosoma bila bando. Majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, yale ya mzunguko wa umeme na mawimbi, mengi yametafsiriwa Kiswahili na unaweza kuyapakua ukayafungua kwenye kivinjari bila mtandao. Kwenye zile za biti 64 yanakwenda vizuri, kwenye Pentium usitegemee sana. GeoGebra kwa sisi watu wa Hisabati. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Siku ya tatu pale shuleni mwalimu wa Fizikia alimwita binti mmoja wa kidato cha tatu aunganishe balbu mbili kwenye skrini, moja kwa mfululizo nyingine sambamba. Binti akaunganisha, akakata waya mmoja, akaona ipi imebaki inawaka. Akarudia mara tatu. Hajawahi kushika balbu na waya vya maabara kwa sababu vilivyopo ni vya kuonyeshwa kwa mbali tu. Mwiteni taka huyo.

Kinachonikera zaidi ya toleo lolote ni usiri wetu. Fundi anakuja, anafanya kitu, mashine inawaka, anachukua elfu kumi yake, haandiki. Mwezi ujao ikigoma tena inaanza sifuri. Na ujumbe wote kwenye skrini ni Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa darasa la tatu anaona ni laana tu. Mwishoni mwa 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita! Watu walikaa wakabishana faili liitweje na menyu iitweje. Sisi tuna simu za skrini kubwa na tunashindwa kuandika mistari mitano ya Kiswahili jinsi tulivyotibu mashine moja.

Kikole tunajua kuandika. Msitu wetu wa kijiji ulikuwa kati ya ya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji, mwaka 2009, na kazi kubwa ya cheti kile ni kumbukumbu: mpingo unapimwa, unaandikwa, unapigwa alama, ili gogo likifika mbali mtu aweze kulifuata hadi kwenye kisiki chake. Wazee ambao hawajawahi kugusa kompyuta wanaelewa kwamba kitu kisichoandikwa kina njia ya kupotea. Basi nikanunua daftari la kurasa 96, nikalifunga kamba, tukalitundika ukutani. Kila mashine namba yake na ukurasa wake. Namba 1, haina shida, toleo jipya. Namba 2 na 3, biti 32, toleo la zamani, usipandishe. Namba 4, ongeza nomodeset. Namba 5, tazama tarehe kwanza. Namba 6, marehemu, RAM yake iko kwa namba 3. Mwalimu alipoona ukurasa wa namba 6 alicheka sana, akasema hata marehemu ana mirathi.

Wiki iliyopita kanitumia ujumbe. Toleo dogo la marekebisho limetoka, mtoto wa mwenzake kamletea kwenye flashi, je aliweke? Nikamuuliza mashine namba ngapi. Akajibu yeye mwenyewe kabla sijamaliza kuandika: "Namba 1 tu, hizi nyingine daftari limekataa."

Haya. Jumamosi saa nne nitakuwa kwenye vimbweta nyuma ya maktaba, nina toleo la 64 na la 32, nina na Ventoy. Njooni na flashi zenu, isiwe chini ya GB 8, na tutazipima kwanza kwa f3 kabla ya kitu kingine, hivyo kama umeuziwa hewa utajua palepale na usinikasirikie mimi. Wanaokwenda mazoezi ya kufundisha Lindi na Mtwara wapewe nafasi ya mbele. Na kama kuna mtu ana betri za CR2032 za akiba aje nazo, kuna basi linaondoka Jumapili na nina mtu wa kumpa mzigo.